Rejista ya Wodi ya Wazazi kama Chombo cha Tiba: Mafunzo ya Utafiti wa Hospitali ya Mkoa wa Kigoma, 1984–1991

Utangulizi

Mama anayeishi Kasingirima, mojawapo ya kata za upande wa Ujiji katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, hana safari ndefu kufika hospitali ya mkoa. Kutoka Ujiji hadi Kigoma mjini ni kilomita chache. Hali yake ni tofauti na ya mama wa Kagunga, kijiji cha mwambao kilichopo kaskazini karibu na mpaka wa Burundi, ambako kwa miaka mingi njia kuu ya usafiri imekuwa boti ya ziwani. Kwa mama wa Kagunga, upepo wa Ziwa Tanganyika unaweza kuamua kama atafika akiwa hai. Kwa mama wa Kasingirima, umbali hautoshi kueleza kifo. Akifariki dunia kwa uzazi, swali lililo zito zaidi ni hili: alipofika mlangoni mwa hospitali, ni nini kilichofuata?

Swali hilo liliulizwa kwa utaratibu wa kisayansi katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma, maarufu kama Maweni, katika miaka ya 1980. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, Godfrey Mbaruku, aliyefanya kazi katika hospitali hiyo, aliongoza uchunguzi wa vifo vya wajawazito na wazazi, kisha mpango wa kuvipunguza. Matokeo yake, yaliyoandikwa pamoja na Profesa Staffan Bergström wa Sweden, yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Health Policy and Planning. Uwiano wa vifo vya uzazi katika hospitali hiyo ulishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya mwaka 1984 na 1991.

Makala hii inaeleza utafiti huo ulivyofanyika, namna ya kuzisoma takwimu zake bila kuzikuza wala kuzidharau, na mambo ambayo mhudumu wa afya, mjamzito na familia yake wanaweza kujifunza. Hoja kuu ni moja: rejista inayojazwa kwa ukweli, na kifo kinachojadiliwa bila woga, ni sehemu ya tiba kama ilivyo dawa.

Maana ya kipimo kilichotumika

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kifo kitokanacho na uzazi ni kifo cha mwanamke kinachotokea akiwa mjamzito au ndani ya siku 42 tangu ujauzito kukoma, kwa sababu iliyosababishwa au kuzidishwa na ujauzito au na huduma aliyopewa. Ajali isiyohusiana na ujauzito haihesabiwi. Vifo hivyo hulinganishwa na idadi ya watoto waliozaliwa hai, kisha jibu huelezwa kwa kila vizazi hai 100,000.

Tarakimu hizo zikirudishwa katika lugha ya wodini, uwiano wa 933 ni sawa na kifo kimoja kwa takribani vizazi hai 107. Uwiano wa 186 ni sawa na kifo kimoja kwa takribani vizazi hai 538. Chukua mfano wa kufikirika wa hospitali yenye vizazi hai 3,000 kwa mwaka. Kwa uwiano wa kwanza, hospitali hiyo ingepoteza akina mama 28 kwa mwaka. Kwa uwiano wa pili, wasiozidi sita. Tofauti hiyo ni akina mama 22, na kila mmoja ana mtoto mchanga, wazazi, na mara nyingi watoto wengine wanaomsubiri nyumbani.

Mazingira ya utafiti

Kigoma iko mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Reli hiyo ilifika mjini humo mwaka 1914 na kwa miongo mingi ndiyo iliyobeba mizigo mikubwa, zikiwemo dawa na vifaa vya hospitali. Miaka ya 1980 ilikuwa migumu kwa nchi nzima. Fedha za kigeni zilikuwa haba na bidhaa muhimu ziliadimika, na mkoa ulio mwisho wa reli ulihisi uhaba huo kwa uzito wake wote.

Wakati huohuo dunia ilianza kulitazama upya suala la vifo vya uzazi. Mwezi Februari 1987, mkutano wa kimataifa uliofanyika Nairobi, Kenya, ulizindua mpango wa uzazi salama. Mwaka huohuo ndipo hospitali ya Kigoma ilipoanza kutekeleza mpango wake.

Utafiti ulivyofanyika

Utafiti ulikuwa na hatua mbili. Hatua ya kwanza ilikuwa kuangalia nyuma. Watafiti walirudi kwenye kumbukumbu za miaka ya 1984 hadi 1986 ili kujua ni akina mama wangapi walifariki, kwa sababu gani, na ni nini kingeweza kuzuia vifo hivyo. Jambo la mapema walilolibaini lilihusu kumbukumbu zenyewe: upungufu wa uandikishaji ulikuwa mkubwa mno.

Ugunduzi huu unastahili kutafakariwa. Kifo kisichoandikwa hakiwezi kujadiliwa, na kisichojadiliwa hakiwezi kuzuiwa kisijirudie. Mama anayefariki katika wodi ya magonjwa ya kawaida wiki tatu baada ya kujifungua, akiwa na homa, anaweza kuandikwa kuwa amekufa kwa malaria, na rejista ya wazazi ikabaki safi. Mama anayefariki katika chumba cha mapokezi kabla ya kulazwa anaweza asionekane katika kitabu chochote. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Nayo hospitali inayoficha vifo huishia kuvirudia.

Hatua ya pili ilianza mwaka 1987 na kuendelea hadi 1991. Mpango wenye vipengele 22 ulitekelezwa, huku uwiano wa vifo ukifuatiliwa kwa makini kila mwaka. Hakukuwa na dawa mpya iliyojaribiwa, wala mashine kubwa iliyoletwa kutoka nje. Vipengele hivyo vilikuwa vya gharama nafuu na vilitegemea zaidi kile kilichokuwepo Kigoma kwenyewe.

Vipengele vya mpango

Kwa urahisi wa kujifunza, mambo makuu ya mpango huo yanaweza kupangwa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni uwajibikaji wa kitaaluma. Mikutano ya mara kwa mara ya kupitia vifo na huduma ilianzishwa, utendaji wa watumishi ulitathminiwa, na malalamiko ya wananchi kuhusu huduma yalipewa nafasi ya kusikilizwa. Hata umbali kati ya makazi ya watumishi muhimu na hospitali ulitazamwa kama suala la kitabibu. Mantiki yake ni wazi: mpasuaji au mtoa dawa ya usingizi anayeishi mbali, katika mji usio na usafiri wa usiku, ni sawa na chumba cha upasuaji kilichofungwa.

Kundi la pili ni ujuzi na miongozo. Watumishi walipatiwa mafunzo kazini kwa ratiba ili stadi zao zisichakae. Taratibu za kumhudumia mgonjwa, za matumizi ya antibiotiki, na za kumpa rufaa mgonjwa mahututi ziliwekwa bayana. Utaratibu wa namna hii humwondolea mhudumu wa zamu ya usiku mzigo wa kubuni uamuzi peke yake saa nane za usiku.

Kundi la tatu ni damu, dawa na maabara. Upatikanaji wa damu ulishughulikiwa, pamoja na ugavi wa dawa muhimu. Haja ya kuwa na kitengo kidogo cha kutengeneza maji ya dripu palepale hospitalini ilizingatiwa, na huduma ya kuotesha vimelea maabara iliwekewa mpango ili maambukizi yatibiwe kwa ushahidi badala ya kubahatisha.

Kundi la nne ni rasilimali na vifaa. Ratiba ya matengenezo ya vifaa iliwekwa, malighafi za mahali zikatumika, na juhudi za kuchangisha fedha ndani ya jamii zikahamasishwa. Kitakasio cha vifaa vya upasuaji kinapoharibika, upasuaji wa dharura husimama. Kukitengeneza kabla hakijaharibika ni kuokoa uhai wa mtu ambaye jina lake bado halijulikani.

Ugonjwa si mmoja

Ni rahisi kusema «vifo vya uzazi» kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Wodi ya wazazi hukutanisha maradhi mbalimbali, na kila moja lina saa yake ya kuua na tiba yake.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kuua ndani ya saa chache. Tiba yake ni kuusugua mji wa mimba ili ukaze, dawa ya kuukaza kama oksitosini, maji ya mishipa, damu, kutafuta chanzo cha damu, na pale inapobidi upasuaji. Kifafa cha mimba hutanguliwa mara nyingi na shinikizo la juu la damu, ambalo hugunduliwa kwa kipimo cha dakika chache kliniki. Uchungu pingamizi huhitaji kutambuliwa mapema kwa chati ya uchungu. Ukichelewa, mji wa mimba unaweza kupasuka, au mama akabaki na fistula. Maambukizi ya mji wa mimba huja polepole zaidi, siku kadhaa baada ya kujifungua, na huhitaji usafi, antibiotiki sahihi na kutoondoa masalia kwa kuchelewa. Malaria na upungufu wa damu, maradhi yaliyozoeleka mwambao wa ziwa, hudhoofisha mwili kabla ya siku ya kujifungua, kiasi kwamba mama mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kufa kwa kupoteza damu ambayo mwenzake mwenye afya angeistahimili.

Ukiyatazama maradhi haya kwa pamoja, utaona ni kwa nini mpango wa Kigoma ulihitaji vipengele vingi. Damu bila mpasuaji haimsaidii mwenye mji wa mimba uliopasuka. Mpasuaji bila antibiotiki humwokoa mama leo na kumpoteza wiki ijayo. Dawa iliyopo stoo ilhali mwenye ufunguo hayupo ni sawa na dawa isiyokuwepo. Uzazi salama ni mnyororo, na mnyororo hukatika penye pete dhaifu.

Matokeo na namna ya kuyasoma

Kushuka kutoka 933 hadi 186 ni pungufu la takribani asilimia 80. Kabla ya kufurahia, msomaji makini hujiuliza maswali manne.

Swali la kwanza: je, hesabu za mwanzo zilikuwa sahihi? Uandikishaji wa miaka ya 1984 hadi 1986 ulikuwa na mapungufu makubwa. Ikiwa vifo ndivyo vilivyoachwa bila kuandikwa, basi hali ya mwanzo ilikuwa mbaya kuliko 933, na mafanikio ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Ikiwa vizazi ndivyo vilivyoachwa, uwiano wa mwanzo ulikuzwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba uandikishaji unapoimarishwa, kwa kawaida vifo vinavyoonekana huongezeka. Kupungua kwa vifo wakati wa ufuatiliaji makini kuna uzito zaidi kuliko kupungua wakati wa uzembe wa kumbukumbu.

Swali la pili: je, kulikuwa na kundi la kulinganishia? Utafiti huu ulilinganisha kabla na baada katika hospitali ileile. Muundo wa aina hii hauwezi kuthibitisha kwa ukamilifu kwamba mpango peke yake ndio uliosababisha mabadiliko. Huenda aina ya wagonjwa waliofika ilibadilika, au hali nyingine za nchi zilichangia. Hata hivyo, kugawa wajawazito katika makundi mawili na kulinyima kundi moja damu au mpasuaji kusingekuwa halali kimaadili.

Swali la tatu: ni kipengele kipi kilichofanya kazi? Vipengele 22 vilitekelezwa kwa pamoja, hivyo haiwezekani kukitenga kimoja na kusema ndicho kilichookoa. Hospitali inayotaka kuiga haipaswi kuchagua kipengele kilicho rahisi na kuviacha vilivyo vigumu, hasa kile cha kujadili makosa na kusikiliza malalamiko.

Swali la nne: tarakimu hizi zinamhusu nani? Zinahusu hospitali moja, si mkoa mzima. Mama aliyefariki kijijini au ndani ya boti hakuhesabiwa. Kwa sababu hiyo, si sahihi kuuweka uwiano wa hospitali bega kwa bega na takwimu za kitaifa za utafiti wa kaya, kama zile za Tanzania zilizoonesha vifo 556 kwa vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 na 104 mwaka 2022. Vipimo hivyo viwili hupatikana kwa njia tofauti na hujibu maswali tofauti.

Baada ya maswali yote manne, kinachobaki ni kikubwa. Hospitali ya mkoa, katika kipindi cha uhaba, ilipunguza vifo kwa kiasi kikubwa kwa kutumia maarifa ambayo tayari yalikuwepo. Jaribio kubwa la kimataifa lililothibitisha kwamba magnesiamu salfeti huzuia kurudi kwa degedege la kifafa cha mimba kuliko diazepamu lilichapishwa mwaka 1995. Jaribio lililoonesha kwamba asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vya kutokwa damu lilichapishwa mwaka 2017. Akina mama waliookolewa Kigoma kabla ya mwaka 1991 hawakungoja ushahidi huo.

Ucheleweshaji wa aina tatu

Mwaka 1994, watafiti Thaddeus na Maine walipanga sababu za vifo vya uzazi katika ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta huduma. Wa pili ni kuchelewa kufika kituoni. Wa tatu ni kuchelewa kupata huduma stahiki baada ya kufika.

Mpangilio huo ulitumika baadaye magharibi mwa Tanzania katika mapitio ya vifo vya watoto waliofariki karibu na wakati wa kuzaliwa, yaliyochapishwa mwaka 2009, Mbaruku akiwa miongoni mwa watafiti. Sehemu kubwa ya vifo vilivyochunguzwa ilihusishwa na ucheleweshaji wa tatu, ule unaotokea ndani ya kuta za kituo. Matokeo haya ni magumu kwa mhudumu kuyasikia, lakini yana matumaini ndani yake. Barabara na daraja havijengwi na muuguzi. Muda kati ya mgonjwa kufika na kuhudumiwa, kwa upande mwingine, uko kwa sehemu kubwa mikononi mwa walio zamu na wanaowasimamia.

Utafiti mwingine uliohusu mikoa ya Mwanza na Kigoma, uliochapishwa mwaka 2009, uligusa ucheleweshaji huohuo kwa njia nyingine. Swali lilikuwa iwapo madaktari wasaidizi, ambao hawakupitia shahada ya udaktari, wanaweza kufanya upasuaji wa uzazi kwa usalama. Katika upasuaji mkubwa 1,072 uliochunguzwa, 945 ulifanywa na madaktari wasaidizi na 127 na madaktari. Hakukuonekana tofauti ya maana katika matokeo kwa akina mama wala katika ubora wa huduma. Kwa mama mwenye uchungu pingamizi, mpasuaji aliyefunzwa vizuri na aliyepo ni bora kuliko bingwa aliye mbali.

Kupima ni kutibu

Ushahidi wa karibuni unaipa nguvu hoja hii. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha zaidi ya wanawake 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali za kundi moja zilitumia mfuko wenye alama za vipimo, unaowekwa chini ya mama ili kukusanya damu, kisha damu ilipozidi kiwango, tiba zote zilitolewa kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, dawa ya kuukaza, asidi ya traneksamiki, maji ya mishipa, na uchunguzi wa chanzo cha damu. Hospitali nyingine ziliendelea na utaratibu wa kawaida.

Katika utaratibu wa kawaida, ambapo damu ilikadiriwa kwa macho, takribani nusu tu ya akina mama waliotokwa na damu nyingi walitambuliwa. Katika kundi lililotumia mfuko, waliotambuliwa walikuwa zaidi ya asilimia 90. Madhara makubwa yaliyopimwa, yaani damu kufikia lita moja au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kifo kutokana na damu, yalipungua kwa asilimia 60.

Sehemu kubwa ya dawa zilizotumika ilikuwa inafahamika tayari. Kilichobadilika ni kwamba damu ilipimwa, na kipimo kikawa amri ya kuanza tiba. Miongo mitatu kabla, hospitali ya Kigoma ilifanya jambo la ukoo huohuo kwa vifo vyenyewe: ilivihesabu, kisha hesabu ikawa amri ya kuchukua hatua.

Mafunzo kwa mhudumu wa afya

Andika kila kifo na kila kizazi, pasipo kujali kilitokea wodi gani. Mwanamke yeyote aliye katika umri wa kuzaa anapofariki, ulizwe ujauzito wake katika siku 42 zilizotangulia. Kila wiki, rejista ya wodi ya wazazi ilinganishwe na ya chumba cha upasuaji, ya wodi nyingine na ya chumba cha maiti.

Fanyeni mapitio ya vifo mapema, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Tanzania ina utaratibu wa kitaifa wa kufuatilia na kupitia vifo vya wajawazito na vya watoto wachanga. Utaratibu huo hauna maana ukigeuzwa kuwa fomu ya kujazwa na kufungiwa kabatini. Mapitio yaulize ni nini kilichokwama, saa ngapi, na nani atakirekebisha kufikia lini. Pale mkutano unapogeuka kuwa mahali pa kumtafuta wa kuadhibiwa, watumishi hujifunza kuandika kidogo, na kumbukumbu zenye mapungufu makubwa hurudi tena.

Pima muda pamoja na dawa. Andika saa mama alipofika, saa alipoonwa, saa uamuzi wa upasuaji ulipotolewa na saa upasuaji ulipoanza. Nafasi kati ya saa hizo ndiyo inayoonesha pete dhaifu ya mnyororo.

Jihadhari na idadi ndogo. Kituo kilichopoteza akina mama watatu mwaka jana na wawili mwaka huu hakijathibitisha maendeleo. Tofauti hiyo inaweza kuwa ya bahati. Kwa kituo kidogo, kila kifo na kila mama aliyenusurika kwa tundu la sindano vichunguzwe kimoja kimoja, na mwelekeo utazamwe kwa miaka kadhaa.

Mafunzo kwa mjamzito na familia yake

Ukaribu wa hospitali usiwe sababu ya kungoja. Mama wa Kasingirima aliye karibu na huduma bado anaweza kuchelewa nyumbani kwa kusubiri uamuzi wa mume, wa mama mkwe au wa shangazi. Familia ikubaliane mapema, kabla ya mwezi wa mwisho, nani atatoa uamuzi ikiwa mume yuko ziwani au safarini, usafiri utatoka wapi usiku, na nani atabaki na watoto.

Dalili zifuatazo wakati wa ujauzito humtaka mama aende kituo cha afya mara moja: kutokwa na damu ukeni, kuumwa sana kichwa au kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo, kupumua kwa shida, chupa kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni. Baada ya kujifungua, damu inayolowesha nguo haraka, homa, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, kuumwa sana kichwa au degedege ni dharura hata kama mama ameisharuhusiwa kurudi nyumbani. Kwa kuwa hesabu ya hatari inaendelea hadi siku 42, mahudhurio ya baada ya kujifungua si ya mtoto pekee.

Jamii nayo ni sehemu ya tiba. Damu haitengenezwi kiwandani. Mtu mwenye afya njema, mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia. Mwanaume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Damu inayofaa zaidi ni ile iliyochangiwa na kupimwa kabla ya dharura, kwa sababu mama anayetokwa na damu hawezi kusubiri ndugu waitwe kutoka sokoni au mwaloni.

Mwisho, mgonjwa na ndugu zake wana haki ya kuuliza na kulalamika kwa staha. Malalamiko ya wananchi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa na mpango wa Kigoma. Ndugu anayeeleza kwamba mgonjwa wake alikaa saa mbili bila kuonwa anatoa taarifa ambayo huenda haimo katika rejista yoyote, na taarifa hiyo inaweza kumwokoa mama wa kesho.

Hitimisho

Utafiti wa Hospitali ya Mkoa wa Kigoma haukumaliza tatizo la vifo vya uzazi, na muundo wake una mipaka iliyoelezwa. Thamani yake ni kuonesha kwamba hospitali ya kawaida inaweza kuwa mahali pa utafiti wa kitabibu kwa kutumia kumbukumbu zake yenyewe, na kwamba utafiti huo unaweza kumfikia mgonjwa aliyelala kitandani bila kungoja fedha nyingi. Inachohitaji kwanza ni kalamu, saa ya ukutani, na watumishi waliokubaliana kwamba kifo cha mama hakitaandikwa kuwa «amri ya Mungu» kabla ya kuulizwa kama kingezuilika.

Maswali ya kujadili kituoni

1. Katika kituo chenu, kifo cha mama kilichotokea nje ya wodi ya wazazi kingeandikwa wapi, na nani angekigundua?

2. Kituo kilikuwa na vizazi hai 2,400 na vifo vitano vya uzazi kwa mwaka. Kokotoa uwiano kwa vizazi hai 100,000, kisha eleza kwa nini jibu hilo lisomwe kwa tahadhari.

3. Kati ya makundi manne ya vipengele vya mpango wa Kigoma, ni lipi mnaloweza kulianza mwezi huu bila fedha mpya?

4. Mara ya mwisho malalamiko ya mgonjwa kubadilisha utaratibu wa kazi katika kituo chenu ilikuwa lini?